Mapacha Waliotangazwa Gulioni

Jumanne, 10 Juni

Sare za shule bado ni rundo. Shule zinafunguliwa mwezi ujao na kila mzazi anataka ya mwanawe iishe kwanza. Nimeshona kola asubuhi nzima, kisha nikafunga duka, nikamwambia jirani nakwenda kutafuta zipu. Nimekwenda kliniki.

Kijana wa altrasaundi alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akatazama kioo, akanyamaza. Nikajua. Mara zote tatu walianza kwa kunyamaza hivyo. Akamwita Nesi Rehema. Nesi akakigeuza kioo kinielekee, akaonyesha kwa kidole. Mmoja. Akasogeza kidole. Wa pili.

Mioyo miwili. Inakwenda mbio kuliko sindano ya cherehani yangu. Nilisahau kupumua mpaka Nesi Rehema akanikumbusha.

Nina miaka thelathini na minane. Nimepoteza mimba tatu, zote kabla ya kutimiza miezi mitano. Hii ina minne. Mara ya mwisho Nestori, mume wangu, alinunua beseni la kumwogeshea mtoto. Lipo juu ya kabati, tunawekea maharage. Safari hii hajui mtu mpaka miezi mitano ipite. Wala Nestori.

Shida ilikuwa moja. Kliniki ya kwanza mama anatakiwa aje na mume. Kama mume yuko mbali, alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nestori yuko kwao Mabamba, ananunua maharage ya msimu. Na barua siitaki. Mwenyekiti wetu akijua, mtaa mzima umejua. Nesi Rehema akanihurumia, akanipima bila barua, akasema nimwachie tu namba ya mume. Simu ya Nestori kule huzima kila saa, nikaacha ya Mzee Karoli anayechaji simu za watu pale senta ya Mabamba. Nikasema ni ya dharura tu. Akaitikia.

Nimerudi dukani bila zipu. Jirani hakuuliza.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nimefumua, nikashona tena, yote ya kulia.

Wawili. Naandika tena nione kama neno litakaa. Wawili.

Bibi yangu alivuka kutoka Burundi na nguo aliyovaa tu. Mimi leo nina kitambulisho cha taifa, lakini mambo ya mapacha alinifundisha yeye. Majina yao hayachaguliwi na mtu. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Majina yapo tayari, yanawasubiri. Hawajakuwa na vidole bado, sijui, au wanavyo, na tayari wana majina. Jambo hili limenizidi kimo.

Jumamosi, 14 Juni

Nesi Rehema amefanya nini.

Leo ni siku ya gulio Mabamba. Asubuhi alimpigia Mzee Karoli, akamtaka Nestori. Karoli akauliza kuna habari gani. Na yeye akamwambia.

Sasa Karoli ana kipaza sauti. Kibanda chake kiko mwisho wa senta, na gulio likichangamka humsikii hata mtu wa karibu. Basi kila kitu hukitangaza. Simu yako imejaa, njoo uichukue. Unaitwa na shemeji yako, piga. Ndiyo kazi yake miaka yote, na hajawahi kulalamikiwa na mtu. Leo akapanda juu ya kreti la soda, akatangaza: Nestori wa maharage, mkeo huko Kasulu ana mimba ya mapacha, unahitajika kliniki. Narudia.

Akarudia kweli.

Nestori alikuwa kwenye mizani na gunia begani. Amenipigia kwa simu ya kuazima. Nyuma yake nasikia vigelegele na mbuzi.

"Leokadia," akasema, "nimejua pamoja na wauza mbuzi."

Sikujua kama anacheka au analia. Mimi nimelia.

Jumapili, 15 Juni

Habari imefika Kasulu kabla sijafika kanisani. Imekuja na lori la maharage.

Kwetu salamu ni ndefu. Ukimpita mtu bila kumsalimia, umemtangazia ugomvi, na watu watauliza mmekosana nini. Leo nimesalimiwa mpaka miguu ikafa ganzi. Wanawake wamenishika mikono, wamepiga makofi, wameniita Mama Bukuru. Zawadi za mapacha huja mbilimbili. Nimerudi na mikungu miwili ya ndizi, vitenge viwili, sabuni mbili, na bibi mmoja mzee amenipa mayai mawili akiwa ameyafunga kila moja kwenye ncha yake ya kanga.

Nina hasira. Nina furaha pia, na hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Mama mkwe amefika kutoka Mabamba na kuku wawili waliofungwa miguu. Hajaweka mzigo chini, amenishika tumbo kwa viganja vyote, akasema Imana ishimwe, Mungu asifiwe, akafumba macho kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona mtu akinitazama vile. Kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Ndipo hofu ikanishika. Zile tatu nilizipoteza kwa siri. Nikafunga duka, nikalala kwa wiki, nikarudi kushona. Hakunitazama mtu kwa huruma. Hii ikitoka, itatoka mbele ya gulio zima.

Nikaenda kliniki kulalamika. Kuna sanduku la maoni ukutani, lina kufuli. Nikamuuliza mlinzi ufunguo anao nani. Anao Nesi Rehema. Nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 19 Juni

Dukani kwangu kuna pazia. Nyuma yake wanawake hujaribu nguo. Mengi nimeyajua hapo. Aliyenenepa, aliyekonda ghafla, mwenye alama ya mkanda mgongoni. Futi yangu ya kupimia inajua miili ya nusu ya mji huu, na sijawahi kumtaja mtu hata kiuno chake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi.

Leo amekuja mwanamke. Jina lake sitaliandika hata hapa. Nguo aliyoleta sitaitaja pia, Kasulu ni ndogo.

Nyuma ya pazia alisimama tu, hakujaribu nguo. Akaniambia kuna dawa anazomeza kila siku, miaka sasa, na ukweni kwake hawajui. Huzichukua kliniki ileile. Hapo jina lake na namba ya simu vimeandikwa, na simu ya nyumbani hupokelewa na yeyote. Amesikia yaliyonipata. Tarehe yake ya kuchukua dawa imepita, hajaenda. Zilizobaki ni chache. Kibondo angeweza kupata, lakini atawaambia nini nyumbani, anakwenda kutafuta nini huko?

"Dada, furaha yako imefika Mabamba jua halijazama," akasema. "Na langu mimi litafika wapi?"

Nilimpima tu, mabega, kifua, urefu, kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu. Akafuta uso, akatoka, akaniaga kwa sauti kubwa kama mteja yeyote.

Nimekaa hapa najiuliza. Mtu mzima amechukua maisha yake na kuyaweka mkononi mwangu, kwa sababu tu nina pazia. Nimeogopa jinsi mtu anavyoweza kumwamini mwenzake. Ni jambo kubwa kama ile mioyo miwili.

Jumapili, 22 Juni

Nestori amerudi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka sikio tumboni kwangu. Hakusikia kitu, akasema amesikia.

Nimemwambia nitalalamika rasmi. Kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenyewe. Amenishangaa. Hasira yake ya gulioni imeshakwisha, watu wamemnunulia soda wiki nzima. Maji yakimwagika hayazoleki, kasema. Na tena, unashtaki baraka?

Sababu yangu kubwa siwezi kumwambia. Ameuliza mara ya pili, nikasema nimeamua tu. Miaka kumi na miwili ya ndoa na hii ni siri yangu ya kwanza isiyo yangu. Amenitazama sana. Halafu akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa.

Wanawake wa kwaya wamekuja na lao. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wamelisema kwa upole, lakini wamelisema wote. Na hapo ndipo penye mwiba. Nesi Rehema ndiye mkunga bora tuliye naye. Akihamishwa kwa sababu yangu, Bukuru na Butoyi watatokea mikononi mwa nani?

Ninaogopa. Lakini dawa za yule dada zinaisha.

Jumanne, 24 Juni

Nimeona si vizuri kumzunguka mtu. Nimekwenda kwa Nesi Rehema mwenyewe kwanza, saa ya chai, akiwa peke yake.

Yeye ni mtu wa Tanga, maneno yake yana sukari. Alidhani nimekuja kushukuru. Nilipomweleza, kikombe kikabaki hewani.

"Mie nilifurahi, Leokadia," akasema. "Nilikumbuka ulivyotoka hapa mara ya mwisho, umejifunga kanga, humtazami mtu. Nikasema huyu mume lazima ajue leo hii."

Kumbe alikumbuka. Nilidhani aliniona kama mgonjwa mmoja katika wengi. Roho ikalainika, nikataka kuacha. Nikawaza lile pazia.

"Kwangu umepeleka vigelegele," nikasema. "Mwingine utampelekea talaka."

Akauliza, mwingine nani? Nilikuwa nimeshasema mengi. Akanitazama, nami nikamwona anahesabu wanawake wake kichwani, halafu akaacha kuhesabu. Aliinamisha macho mwenyewe. Akasema nikienda kwa mganga mfawidhi anaweza kuhamishwa, na wanawe wanasoma hapa. Hakusema kwa kutisha. Alisema kwa kuwa ni kweli.

Nikamwambia nitakwenda. Akaitikia kwa kichwa. Chai yake ilipoa.

Alhamisi, 26 Juni

Mganga mfawidhi ni kijana wa Songea, ana adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa njia nzima.

"Sasa mama, wewe umedhurika nini?"

Ningeweza kumaliza pale. Ningesema kuna mwanamke. Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza.

Nikamweleza za kwangu. Zile tatu. Ya kwanza njiani, nikitoka Nyakitonto msibani. Ya pili dukani. Ya tatu na beseni lake. Sijawahi kuyasema kwa mwanamume yeyote isipokuwa Nestori, na Nestori mwenyewe sikumwambia yote. Nikasema mimba ni baraka ya watu wote, sikatai, lakini habari yake ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuchagua siku.

Aliandika. Mkono wake ulitulia katikati. Akasema, pole mama, na akaendelea kuandika.

Nimetoka pale mwepesi. Pia nimejiona uchi.

Jumamosi, 28 Juni

Mji una masikio. Wanasema Leokadia kamshtaki nesi kwa kumpa habari njema. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Mama mkwe ananuna huku ananipikia. Ananiwekea mchuzi, anageuka ukutani.

Siwezi kujitetea. Utetezi wangu una jina la mtu.

Jumatatu, 30 Juni

Damu.

Asubuhi, kidogo, lakini damu. Nestori akaita pikipiki, akamwambia dereva aende taratibu, halafu akamgombeza anakwenda taratibu. Niliomba tu. Kisha nikawaza ni nani atakuwa zamu.

Alikuwa yeye.

Niliwaza atanikalisha kwenye benchi. Nilistahili, kwa hesabu za watu. Hakunikalisha. Alinishika kiwiko, akanilaza, akanifunika miguu. Akaleta kile kifaa cha mkononi kinachotoa sauti ya moyo.

Akakaribia kukiwasha. Akasita. Akaweka kifaa chini, akaenda kufunga mlango. Kisha dirisha. Kisha akarudi, akapunguza sauti, akanisogezea karibu na sikio.

Mmoja. Akatafuta. Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Wa pili.

Walikuwa wanakwenda mbio wote wawili kama hawajui kitu chochote kuhusu dunia hii. Mimi na Nesi Rehema tulisikiliza vichwa vikiwa vimegusana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba msamaha. Akaniambia nipumzike, nisikanyage cherehani mpaka damu ikate, nirudi ikizidi.

Nestori nje aliuliza ninaendeleaje. Nesi Rehema akamjibu: mkeo atakwambia mwenyewe.

Sijui niliandikeje hili. Niliyemshtaki ndiye aliyewalinda wanangu, na akanilinda mimi. Nimekaa nalo tangu mchana na bado ni kubwa kuliko mimi.

Ijumaa, 4 Julai

Damu imekata. Leo, nimelala ubavu, kitu kimegonga kwa ndani. Chini, kushoto. Nilibaki kimya kama mtu anayesikiliza hodi. Kikagonga tena. Halafu juu, kulia, mwingine akajibu.

Nimemwita Nestori. Nimemwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Alikaa chini sakafuni.

Jumatano, 9 Julai

Mganga mfawidhi ameniita. Nesi Rehema amekiri, na ameandikiwa onyo. Hahamishwi. Nimeshukuru zaidi kuliko nilivyotarajia. Kuanzia sasa kituo kikipiga simu kitamtaka mhusika mwenyewe, na asipopatikana kitakata bila kusema kinatoka wapi. Kila mama ataulizwa kama anataka kupigiwa simu au hataki kabisa. Asiyetaka, namba yake inafutwa. Na ufunguo wa sanduku la maoni umehamia kwa kamati ya kituo.

Jambo la mwisho limenichekesha, nikaficha kicheko kwa kukohoa.

Jioni yule dada alipita kuchukua nguo. Nyuma ya pazia nilimweleza utaratibu mpya, kama naongea habari za mji. Sikumwambia nilipita wapi. Alikuwa anafunga vifungo. Alifunga kimoja, akakaa nacho muda mrefu kati ya vidole.

Hakusema atakwenda. Hakusema hatakwenda.

Jumamosi, 19 Julai

Miezi mitano imetimia na kupita. Sijawahi kufika huku. Kila asubuhi ni nchi ngeni.

Nestori ameshusha beseni, amemwaga maharage, ameliosha. Kisha akaenda sokoni akarudi na la pili. Mama mkwe amenuna kidogo leo kuliko jana.

Jumanne, 22 Julai

Kliniki. Baridi ya asubuhi, vumbi limelala. Nestori amekuja nami, amevaa shati la harusi. Aliambiwa asubiri mpaka aitwe, akasubiri kwa nidhamu ambayo sijawahi kuiona nyumbani.

Benchi lilijaa. Nikasalimiana na wote, mmoja mmoja, makofi na magoti na habari za nyumbani. Nilipofika mwisho wa benchi, nikamwona. Amejifunika kitenge mabegani, mfuko mdogo mapajani. Yule dada.

Aliinua macho. Mimi pia. Sote wawili tunazijua mila za hapa.

Hatukusalimiana; salamu ndefu za kwetu zingemuuliza amefuata nini hapa.

Mama mmoja aliona, nikamsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba Leokadia sasa anagombana na kila mtu. Nikaketi. Mlango ukafunguliwa, Nesi Rehema akachungulia, akampungia yule dada mkono bila kutaja jina. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Nimekaa pale, mikono tumboni. Wanangu walikuwa wamelala. Baadaye kidogo akatoka, mfuko umejaa, akapita mbele yangu akitazama mbele.